Jembe la Mgeni Wako

Mama yangu, mwenyeji wa Kinole,

Mgeni wako yuko kwangu. Nilimteremsha mlimani juzi, nikampa vyumba viwili vya uani hapa Kihonda, na tangu asubuhi ya leo nimekwama mahali ambapo sina wa kunitoa ila wewe. Nawe uko chini ya ule mdalasini mkubwa, huu mwaka wa pili. Nakuandikia hivyo hivyo. Mfa maji haishi kutapatapa, na mimi nilichoshika ni kalamu.

Umeniachia kazi mbaya, mama. Nasema wazi kwa sababu ulimi huu nimeurithi kwako. Ulijua kuniachia khanga zako, shamba na nyumba; ungeniachia basi na maneno ya kumwambia mzee anayetolewa mahali alipozeekea. Nimeyatafuta sikuyapata. Barua hii sitaifunga kwenye bahasha. Anayetaka aisome, huenda yuko aliyewahi kupita hapa nilipo akajua la kufanya.

Kwa ajili ya huyo msomaji nieleze kwa nini baba yangu mzazi anaitwa mgeni. Kwetu Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama, lukolo kama tunavyosema wenyewe, na mwanamume akioa huweza kwenda kujenga kwa kina mke wake. Baba alitoka kwao Matombo na nguo alizovaa na redio isiyo na betri, hivyo ndivyo ulivyopenda kumtania. Akajenga nyumba ya vyumba sita kwenye ardhi ya bibi. Akapanda midalasini, pilipili manga na michungwa kwenye shamba lisilo lake, akapata watoto ambao nao ni wa ukoo wako. Ukisikia viatu vyake kwenye mawe ya uani ulikuwa ukisema, "Mgeni wangu huyo." Naye akiingia anauliza kama mwenyeji wake ameacha chochote jikoni. Mlizeeka mkiitana hivyo, na mimi nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba wazazi wa wenzangu hawaitani hivyo.

Na mzaha wenu mkubwa ulikuwa lile jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi hakuwa mtu wa kuacha msemo ukae bure. Siku ya tatu baada ya harusi yenu alimgongea bwana harusi mlango kabla jua halijatoka, akamkabidhi jembe jipya. Baba alikisimulia kisa hicho kila Idi, sahani ya pilau magotini, kana kwamba hatujawahi kukisikia, na wewe ulimngoja afike mwisho ndipo useme, "Na ya nne akaomba likizo." Tulicheka mpaka bibi akauliza kuna nini. Jembe lenyewe lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni maisha yangu yote.

Ulipokuwa umelala hospitali, umebaki mifupa na macho, ulinishika kidole ukasema, "Mgeni wangu asiaibike." Hukusema asife njaa, wala asiugue. Nilidhani ni homa. Nikakuitikia tu ili ulale.

Uliondoka, akabaki na vyumba sita. Mwanzoni alijitahidi. Alivifagia vyote, hata vile vya kwetu visivyolaliwa tena, akaanika mdalasini, akaniletea ndizi mjini kwa bodaboda. Kisha mtoto wa jicho akaingia jicho la kulia, presha ikapanda, na ile njia ya kushukia mtoni, aliyokuwa akiishuka na mkungu kichwani huku anaimba, ikaanza kumwangusha. Mara ya kwanza alisema ni utelezi. Mara ya pili alilala kule chini mpaka mdogo wako, mama mdogo Zena, alipokwenda kuchota maji akamkuta. Mvua ilikuwa inanyesha, naye amejifunika jani la mgomba. Alimwambia anapumzika kidogo.

Nilipopanda kumwona nikakuta jikoni sufuria ya ndizi zilizochemshwa bila hata chumvi. Nikalia, kisha nikakasirika, ndivyo nilivyo. Nikampigia kaka kule Gairo anakonunua karanga, akasema nimbebe tu nishuke naye. Ni rahisi kusema ukiwa Gairo. Baba mwenyewe hakukataa. Angekataa ningejua pa kuanzia ugomvi. Alisema, "Utakavyoona, mwanangu," akaendelea kumenya chungwa lake.

Sasa vyumba sita havienei kwenye viwili. Nikatoa vitu uani nivipange: hivi vinakwenda, hivi vinabaki, hivi vya kugawa. Vitanda vyetu, masufuria yako makubwa ya shughuli, makarai, meza, viti alivyovichonga baba kwa mkono wake. Nikatuma salamu kwa majirani waje wachukue wanachotaka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekaa mjini mno. Huko kwetu vitu vya mtu hutolewa uani siku moja tu, siku ya kugawa mirathi.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwanaidi, jirani yetu wa bondeni, khanga kiunoni, kilio amekianzia njiani. Alipofika uani akamkuta marehemu ameketi kwenye kigoda anakunywa chai. Akashika mdomo. Akamwambia alidhani tumempoteza.

"Bado," baba akasema. "Ila wameshaanza kugawa."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya choo. Siku nzima watu walikuja, wakampa baba pole, wakashika hiki na kile wakakirudisha chini, na hakuna aliyeondoka hata na kijiko. Nilimsihi mmoja achukue angalau meza. Akaniambia kuchukua cha mtu aliye hai ni kumharakisha. Jioni nikarudisha kila kitu ndani, na baba akanisaidia kubeba viti.

Lakini kilichonitoa roho ni jembe. Nililiweka kwenye vitu vya kubaki. Nikigeuka nalikuta kizingitini, karibu na mswala wake na redio. Nikalirudisha. Akalileta tena. Nikamwuliza atalima wapi na uani kwangu ni saruji tupu, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Kesho yake nikajiona namchosha mzee bure, nikamwambia basi, tutashuka nalo, litakaa chini ya kitanda. Nilidhani nimemfurahisha. Aliniangalia kwa lile jicho zima kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu, akaingia chumbani. Chakula cha mchana hakula, wala cha usiku, wala chai ya asubuhi.

Nilishikwa na hofu, mama. Mzee wa presha, hali, hasemi, na kirikuu cha kubebea mizigo nimeshakikodi. Nikaenda kwa mama mdogo nikajitupa mlangoni pake. Alikuwa anapepeta mchele na hakuacha kupepeta.

"Hataki kwenda nalo," alisema. "Anataka kulirudisha. Alipewa na mwenyewe, amrudishie mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe ni bibi, na bibi alishakufa. Aliyempokea bibi ni wewe, nawe umekufa. Akaniuliza aliyekupokea wewe ni nani. Siku zote zile nilikuwa najiona binti mwema anayemsaidia baba yake kuhama. Kumbe machoni pake mimi ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa anamtoa mgeni bila hata kuagana naye. Nikakumbuka kidole changu mkononi mwako pale hospitali.

Asubuhi ya kuondoka alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Alisimama uani, mama mdogo pembeni yangu, akanipa jembe kwa mikono miwili. Limelika, limebaki kama kiganja. Alisema alilipokea likiwa jipya, mpini ameubadilisha mara nyingi, na kama katika kukaa kwake ameharibu cha watu, asamehewe. Mama mdogo akaninong'oneza la kusema.

"Hatukudai, Baba," nikasema.

"Hapa usiniite Baba," akasema taratibu. "Hapa umesimama kwa niaba ya mama yako."

Nilimtazama mtu aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati nikiwa na homa, aliyenifundisha kubandua gome la mdalasini bila kulipasua, na ninatakiwa nimwite kama anavyoitwa mwanamume aliyekuja kuoa kwetu. Nikasema hatukudai, mkwe wetu, umekaa vizuri. Akainamisha kichwa. Kisha akaomba chai, akala na ndizi mbili pale pale akiwa amesimama.

Jembe nikalirudisha nyuma ya mlango wa jikoni, nikafunga nyumba. Kitanda kimoja, mswala, redio, kigoda na birika lako dogo la chai vilishuka vichwani mwa watu mpaka barabarani. Wale wale waliokataa kijiko walibeba bila kuombwa. Alipita kwako kaburini, sijui alikwambia nini, nilikaa mbali. Ndani ya gari alikaa karibu na dereva, na mpaka tunaingia mjini hakugeuka nyuma. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani nimemaliza.

Siku ile alikula alichopewa, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuwasha redio. Jana aliwasalimia wapangaji wangu mmoja mmoja, akakunja nguo alizozikuta zimekauka kwenye kamba, akamwuliza baba watoto kama anaweza kusogeza kigoda kivulini. Kila kitu anaomba. Nikamwambia Baba, hapa ni kwako. Akasema ahsante, mwanangu, kwa ile sauti mtu anayokujibia ukimkaribisha chakula naye ameshashiba.

Leo asubuhi nilimpelekea chai nikamkuta ameamka zamani. Ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa lile shati la shamba lenye kiraka ulichokishona wewe begani, suruali ameikunja mpaka karibu na magoti. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Leo ya tatu," akasema. "Nangoja jembe."

Nilicheka, mama. Nilidhani ni mzaha wenu umemrudia, nikafurahi hata. Hakucheka. Nikamwambia apumzike, kazi aliyofanya inatosha watu watatu. Akaitazama mikono yake, akasema mgeni akifika siku ya tatu bila jembe anajua kwamba wenyeji wanangoja aondoke.

Nikamwambia angoje kidogo, nikatoka. Nimeuzunguka ua huu sijui mara ngapi. Ni saruji ukuta hadi ukuta, na mimi ndiye niliyeitaka, nisikanyage tena tope la Kinole. Kuna pikipiki ya mpangaji, kamba ya nguo, na ndoo iliyotoboka yenye mchaichai. Hakuna pa kuingiza hata kisu. Nikilifuata jembe nikamletea, atapiga nini nalo? Nikimrudisha yeye mlimani, safari ijayo hatajifunika jani la mgomba mwenyewe, tutakuja kumfunika sisi. Kaka simu yake inaita tu. Mama mdogo amesema mimi ndiye mwenyeji, nijue mwenyewe cha kumpa mgeni wangu.

Nimechoka kuwa mwenyeji. Uenyeji huu sikuuomba. Nataka kuwa mtoto wa mtu, nataka mtu aniambie weka hiki hapa na kile pale. Nilimtoa kule asife, na naogopa nimemleta mahali atakapokufa akiwa na adabu zake zote, akisema ahsante. Uliniomba jambo moja tu, asiaibike. Nimemwaibisha mbele ya majirani, nikamwaibisha mbele ya mama mdogo, na sasa namwaibisha hapa kwangu, na kila mara nilikuwa namsaidia.

Mchana umeingia. Dirisha la chumba ninachoshonea linaangalia uani, namwona. Ametoka, ameketi kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza mlangoni kwangu, suruali bado imekunjwa. Ile chai hajaigusa. Kila nikisogeza kiti ananyanyua kichwa, akidhani naja.

Wewe ulikuwa na jibu la kila kitu, hata la siku ya nne. Nimpe nini, mama?

Lala salama chini ya mdalasini wako, na ukiweza kuamka kidogo kwa ajili yetu, amka leo.

Ni mimi binti yako, mwenyeji asiye na jembe la kumpa mgeni wake