Kaunta Iliyopita Dirishani

Uwanja wa Maonyesho ya Mifugo,
Hamilton, Montana.
Mwishoni mwa Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafuu walau ya kupanda ngazi za karakana bila kuuma meno. Shangazi Idella aliniambia ulianguka kwenye barafu majira ya baridi yaliyopita ukamkataza asinieleze. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Na kikohozi je? Najua moshi wa huku unafika mpaka huko kwako Glendive, basi funga madirisha, hata kama joto linakukera. Mimi sijambo, nashukuru. Simu zangu hujazipokea tangu siku ya harusi yangu, wala sikulaumu. Nimeona niandike tu, karatasi haina mlio wa kukuudhi.

Nianze na jambo utakalolielewa kuliko mtu yeyote. Nimebadilisha kaunta ya jikoni kwenye karavani yetu, hii nyumba ya kukokotwa na gari, mimi mwenyewe.

Ile ya zamani ilikuwa ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, juu imebandikwa plastiki ya kung'aa. Wewe ungeitazama mara moja ukacheka. Maji ya bomba yalikuwa yakipenya pole pole, ikavimba kama mkate uliolowekwa kwenye maziwa, na asubuhi moja sinki likadidimia pamoja na vyombo vyote. Mume wangu Colter alikuwa ameshakwenda Idaho na kikosi chake cha kuzima moto wa msitu. Alikuwa amesema angeitengeneza akirudi.

Ukweli ni kwamba sikuwa na haraka ya kaunta. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kule Idaho upepo umegeuka, na watu wawili wa kikosi kimoja wameumia, majina hayajatolewa. Nikipiga simu ya Colter, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikaona nikiendelea kukaa na ile simu mkononi nitapata wazimu, nikachukua bisibisi.

Pale tulipokuwa tumeegesha ni shamba la mjane mmoja, Bernadine, mfugaji wa mbuzi; moto mwingine wa msitu ulikuwa bado ng'ambo ya mto. Alikuja na kikombe chake cha kahawa akasimama mlangoni akinitazama.

"Wewe, unabomoa nyumba na umo ndani yake?"

Nikamwambia nabomoa jikoni tu.

"Jikoni! Hapo ulipo ndiyo jikoni, ndiyo sebule, ndiyo chumba cha kulala. Ukikosea utalala na mbuzi wangu, na wenyewe hawapendi wageni."

Lakini alirudi na ubao, Baba, na ubao wenyewe si mchezo: uso wa meza yao ya kulia, mti mgumu, mzito. Alisema tangu mumewe afe yeye hula amesimama, meza ya nini.

Nilifunga gesi kwanza, nikafungua mpira wa jiko, nikautoa ule uozo vipande vipande. Kuta za karavani hazina pembe hata moja iliyonyooka, kwa hiyo nilikata boksi nikalijaribisha mpaka likakaa sawasawa, ndipo nikalichora juu ya ubao. Nikachora na tundu la sinki. Hapo nikaogopa. Kingo ningeweza kuzisawazisha kwa msasa, lakini tundu likikosewa limekosewa, na ubao mwingine sikuwa nao.

Nilikuwa bado nimesimama na penseli wakati gari la polisi wa wilaya lilipoingia shambani. Kijana aliyeliendesha hata hakushuka.

"Dada, moto umevuka mto. Ondokeni sasa hivi. Nimesema sasa hivi, usirudi ndani kuchukua kitu."

Nilirudi. Sinki nikalitupa kitandani, jiko nikalifunga kamba lisigongane na ukuta. Ubao ulipanda kwenye gari la Bernadine pamoja na mbuzi. Nikaifunga karavani nyuma ya gari peke yangu, hata sikumbuki nilivyofanya, na nikasahau kuinua ile miguu ya kuisimamishia. Nikaondoka nikiiburuta ikichimba barabara, mpaka Bernadine akapiga honi kama mwendawazimu. Nikashuka kuiinua. Baba, jua lilikuwa jekundu na dogo kama kifungo cha shati, na cheche zilikuwa zinatua kwenye kofia yangu.

Tulifika hapa uwanjani Hamilton salama, na watu wengine wengi, farasi wao na mabibi zao. Kesho yake nilikwenda kwenye hema la taarifa kuuliza kikosi cha Colter. Binti wa pale akanijibu kwa upole kwamba hana majina, nirudi baadaye. Niliporudi baadaye alikuwa hanitazami usoni. Nikatoka, nikaazima msumeno wa umeme kwa bwana mmoja aliyeunguliwa na banda lake, nikakata ubao kwa ule mchoro, kisha tundu la sinki.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema msumeno hausukumwi, unaongozwa. Nikauongoza. Kile kipande kilipodondoka, sinki lilitumbukia kama limezaliwa pale, na wote waliokuwa wakitazama wakapiga makofi. Ndipo tulipogundua kaunta haipiti mlangoni.

Ungewaona! Kila mmoja alikuwa fundi. Huyu anasema tuikate vipande viwili, yule anasema tung'oe mlango, mwingine anataka tukate ukuta. Bernadine akawageukia: "Nyamazeni! Hamjawahi kubadilisha hata balbu, nyie." Tukatoa dirisha zima. Wanaume wakaisukuma kutoka nje, yeye akaipokea ndani kwa kichwa na mabega, akitukana matusi ambayo sikujua kanisani kwao wanayafahamu. Skrubu zinafungwa kutoka chini, inabidi ulale chali ndani ya kabati. Nilishindwa. Akaingia yeye, miguu nje.

Niliporudisha mpira wa gesi niliupaka maji ya sabuni, kama ulivyonifundisha. Povu likatokea sehemu moja. Nikakaza, nikapaka tena, kimya. Nikawasha jiko. Moto wa buluu ukasimama vizuri, na mimi nikakaa sakafuni nikalia, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Colter alikuja siku iliyofuata, kwenye basi la wazima moto. Nyusi zimeungua, shati limekakamaa kwa majivu. Mmoja wa wale wawili walioumia ni rafiki yake; Colter alimbeba mgongoni kushuka mlima, na simu yake ilipotelea huko huko. Rafiki atapona. Colter alipoingia alikwenda moja kwa moja jikoni. Aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta, akainama. Kisha akauliza ni nani aliyeifanya. Nikamwambia ni mimi na mtaalamu mmoja mwenye mbuzi. Akacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikamshika.

Sasa Baba, naomba uketi.

Shamba la Bernadine limeungua lote, na nyumba yake. Yeye anakwenda kwa mwanawe Spokane. Sisi hatuna pa kuegesha. Na sababu ya mimi kushindwa kulala chali ndani ya kabati ni kwamba nina mimba ya miezi saba. Shangazi hajui. Sikutaka uisikie kwa mtu mwingine, na kila nilipopiga simu ikaita mpaka ikakatika nilijiambia nitakueleza safari ijayo. Yule uliyemwita mtu anayekimbilia moto badala ya kuukimbia ndiye baba wa mjukuu wako. Daktari hataki nipitishe majira ya baridi kwenye uwanja wa wazi.

Colter anasema tuombe ruhusa ya kuja kwako kwanza. Nimemwambia nikiomba utasema hapana haraka haraka, na wewe ukishasema hapana huwezi kuirudisha, hata ikikuumiza mwenyewe. Kwa hiyo siombi. Nakuarifu tu kwamba Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, tutakuwa barabara ya kwako. Geti likiwa wazi tutaingia, tutaegesha nyuma ya karakana, hatutakusumbua. Likiwa limefungwa sitapiga honi. Naomba kitu kimoja tu: kama utalifunga, lifunge mapema, nilione tangu kule juu kilimani, maana kugeuza karavani kwenye barabara nyembamba bado sijui vizuri.

Nisalimie Shangazi Idella na majirani wote wanaoniulizia. Colter anakusalimu kwa heshima, ingawa ameniambia nisiandike hivyo. Litunze goti, na moshi ukizidi kaa ndani.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Janna