Koku alipopiga magoti kwenye njia ya baiskeli

Jumanne. Mvua ya alfajiri ilikatika mapema, jua likatoka. Sasa moyo umetulia.

Niseme ukweli. Tangu watengeneze ile njia ya Kagondo kwenda Miembeni, upande mmoja wa baiskeli, upande mwingine wa miguu, kila asubuhi namfuata binti yangu Koku kwa nyuma akienda shule. Yupo darasa la tatu. Yeye anajua nimebaki nyumbani, kumbe niko kwenye migomba ya watu, najificha kama mwizi wa kuku.

Leo alikutana na bibi jirani yetu. Akapiga magoti hapohapo kumwamkia, kama nilivyomfundisha. Ila alipiga magoti upande wa baiskeli. Na huko juu mteremkoni baiskeli inakuja, imebeba mikungu mitatu ya ndizi, kengele inalia.

Hakuinuka.

Mimi ndiye niliyemwambia usiinuke mpaka mkubwa amalize kukuitikia. Na huyu bibi akisalimia anauliza mpaka habari za mbuzi.

Mwenye baiskeli akakwepa, akaishia mtaroni, ndizi huku, yeye kule. Namshukuru Mungu hakuumia.

"We mtoto, hapa kanisani?" akafoka kutoka mtaroni.

Nikatoka migombani mbio, khanga inaburuta. "Samahani waitu, ndugu yangu, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

"Basi mfundishe na breki, mama!"

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Koku hakucheka. Alinigeukia.

"Mama, kumbe unanifuataga?"

Niliinama nikaokota ndizi. Aibu ilinishika kuliko ile hofu yenyewe. Nimemlinda mtoto kwa macho miezi yote hii, na kitu cha kumwambia sikumwambia.

Jioni nimechora mstari wa majivu uani. Huku baiskeli, huku miguu. Nikajifanya bibi mwenye kikapu, tukasalimiana tena na tena. Kwanza anasogea kwenye nyasi, anaangalia juu na chini, ndipo anapiga magoti. Mara ya nne nilisahau mimi, nikasimama upande wa baiskeli.

Akanishika mkono. "Mama, njoo huku kwanza, ndiyo nikuamkie."

Hilo sikumfundisha.

Kesho Koku anakwenda peke yake, nimeshamwambia. Mimi nitakaa jikoni nimenye ndizi. Nitamenya tu, hata zikizidi sufuria.