Walimwambia Asitoke

Najat, ndiyo tunatoka kwa wakili na Mzee Athumani.

Mzee kaingia na neno moja tu: analishitaki jiji kwa kifo cha binti yake Arafa, kwa vile polisi hawakufika. Wakili akamwambia, mzee wangu, jiji lina mgambo tu. Polisi ni wa serikali kuu, na serikali lazima ipewe notisi ya siku tisini kwanza.

Siku tisini, Najat. Na Arafa aliwasubiri polisi masaa mawili.

Wakili akauliza, polisi walimwahidi chochote? Kesi ya uzembe inapata nguvu hapo.

Mzee akasema walimwahidi. Arafa aliwapigia simu, yule mume wake akiwa getini na panga. Wakamwambia ajifungie ndani, asitoke, wanakuja.

Wanakuja. Na mlango wa nyuma unatokea kwa jirani yao Harshad, hatua kumi tu.

Wakili akauliza, wewe umeyajuaje haya?

Mzee akavua kofia yake.

Halafu akasema, “Alinipigia na mimi. Nikamwambia kimbilia kwa Harshad. Akasema, baba, polisi wamesema nisitoke. Nikamwambia basi mwanangu, wasikilize polisi.”