Maswali ya Mwaitu Kabla ya Pasaka

Jumatano, 18 Februari
Majivu kipajini tangu asubuhi. Nimechota maji nayo, nimepepeta ndengu nayo, nikitembea kama niko usingizini. Mwaitu, mama yangu, akauliza kama nimeanguka jikoni. Nikamweleza ni toba, kukumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Akasema vumbi la Kasikeu linatosha, hakuna haja ya kuongeza. Nilicheka. Yeye hakucheka. Kanisa lake halina majivu, na hataki niingie Ukatoliki Pasaka hii.

Jumapili, 1 Machi
Maswali ya Mwaitu yameanza. Mbona tunamwomba Maria? Hatumwabudu. Tunamwomba atuombee, kama Mwaitu anavyowaambia kina mama wa kanisa lake wamwombee goti lake linalouma. Na sanamu? Ni kama picha ya marehemu baba pale ukutani. Akaitazama. Nikadhani nimeshinda. Mjinga mimi.

Jumanne, 10 Machi
Leo limetoka la moyoni. Ati nikibatizwa upya, basi yeye alinipeleka silanga, lile bwawa, kubatizwa bure. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, gauni jeupe la kuazima, mchungaji amezama kwenye maji hadi kiunoni. Mwaitu alilia akisema hayo. Akasema Pasaka hatakanyaga kanisani kwa Wakatoliki. Hata mimi nilidhani nitabatizwa tena. Naumia.

Jumamosi, 14 Machi
Nimemuuliza katekista. Akashangaa. Ubatizo ni mmoja, haurudiwi. Kama ni kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi. Nitapokelewa tu, nipate kipaimara na komunyo. Anataka mtu aliyeshuhudia nikibatizwa. Nilirudi nikielea. Mbuzi, mawe, mbaazi za watu, vyote vilionekana vimeoshwa.

Alhamisi, 19 Machi
Mwaitu mbele ya katekista, kitambaa cha kanisa lake kichwani. Alieleza mpaka rangi ya maji. Alirudia maneno ya mchungaji. Katekista akaitikia amina. Njiani Mwaitu hakusema kama atakuja Pasaka.

Jumatatu, 6 Aprili
Jana alikuja. Benchi la mwisho, karibu na mlango. Wakati wa komunyo alibaki ameketi, macho amefumba. Ubani ulinilewesha, nyimbo sizikumbuki.

Leo sokoni, mama mmoja wa kanisa lake akamuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama ni kweli Wakatoliki wamenibatiza. Mwaitu alikuwa akichagua nyanya. Hakuinua kichwa.

"Hapana. Walimpata ashabatizwa."

Tukanunua na vitunguu, tukaenda nyumbani.