Kabla Hujaandikisha Majina ya Wanafunzi Wako

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Mabawe, marahaba. Bibi yako amepona kikohozi, na maharage tumeshavuna.

Umeuliza kwa nini nilikuzuia kujaza majina kamili ya wanafunzi wako, tarehe za kuzaliwa na wanakotoka, kwenye ile tovuti ya bure ya kufundishia kuandika programu za kompyuta.

Tulipovuka mpaka kuingia Ngara tukikimbia mauaji ya kwetu, nilikuwa kijana nikifundisha watoto wa wakimbizi wenzangu. Wageni walituletea madaftari ya bure, wakaomba orodha ya watoto. Kwetu mtu hujulikana kwa baba yake na kilima chake, yaani kijiji anakotoka, basi nikaandika vyote, kwa mwandiko safi.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, daftari linataka kilima chetu cha nini?"

Nikamcheka. "Mama, wewe unaogopa hata karatasi!"

Baadaye mtu nisiyemjua alisimama mlangoni na orodha ile mkononi, akasoma jina la mtoto wa mama yule. Mtoto alikuwa benchi la mbele, ananitazama.

"Walishahama," nikasema. Akaondoka. Kesho yake walihama kweli, na sijawaona tena.

Sisemi tovuti yako ni mbaya, na watoto lazima wajifunze. Lakini umesema zipo zinazofunguka bila kuuliza jina. Anza na hizo. Ikibidi kuwasajili, wape namba, na majina yao uyabakize kichwani mwako.

Babu yako, ambaye bado anaogopa.