Kilicho Chini ya Kilima cha Mashariki

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Nimeficha ramani miaka arobaini na mitano. Hapana, niseme kweli: niliichoma. Ilikuwa ramani ya mgodi wa makaa ya mawe, na ilionyesha jinsi mashimo yanavyopita chini ya Kilima cha Mashariki, mtaa kwa mtaa. Nimefundisha jiografia hapa Hadley Fork karibu maisha yangu yote. Hakuna aliye hai anayejua jambo hili ila mimi, na daktari ameacha kunipangia miadi ya mwakani.

Naogopa. Si kifo. Darlene, anayekuja kunihudumia, leo alichelewa. Mlango wa mbele wa nyumba yake uligoma kufunguka. Ilibidi watoke dirishani, yeye na watoto watatu! Alinisimulia huku akicheka: nyumba imenenepa kama yeye mwenyewe.

Anakaa kilimani.

Jumanne, 4 Oktoba

Meya amekuja. Lenny Kovalik — nilimfundisha, hakuwahi kujua kaskazini ni wapi. Mwakani mji unatimiza miaka mia moja na hamsini. Anataka kuchapa upya kijitabu nilichoandika mwaka 1966.

"Hatugusi hata nukta, Mwalimu. Ila idadi ya watu tu."

Wakati ule tulikuwa 9,012. Sasa ni 4,086.

"Tukiwahesabu na wa makaburini," akasema, "tutawapiku Marlow." Hao ni majirani zetu, tunashindana nao kwa kila kitu, hata kwa kupungua.

Kisha akasoma kwa sauti, kama zamani darasani. Mji kati ya vijito viwili. Reli inaukata katikati. Wawelisi walioufungua, Walithuania na Waitaliano waliowafuata kuchimba makaa. "Na Kilima cha Mashariki ni mwamba mtupu, toka juu hadi chini."

Nilimwaga kahawa. Akaipangusa kwa leso yake, akanipigapiga begani. Alidhani ni uzee.

Jumatano, 5 Oktoba

Niandike sababu, kabla sijaanza kujitetea.

Mgodi ulifungwa 1953. Baada ya hapo kila Ijumaa niliona lori limebeba magodoro, linaelekea Chicago. Darasa langu la watoto thelathini na wanne likawa la kumi na tisa. Kisha kiwanda cha viatu kikasema kitakuja, mradi tuwajengee wafanyakazi nyumba mia mbili. Ardhi isiyofurika maji ilikuwa moja tu: kilima.

Mwezi uleule mjane wa meneja wa mgodi alinipa masanduku ya karatasi, nipate kuandika historia. Chini kabisa ilikuwamo ramani. Sote tuliamini mgodi uliishia relini. Haukuishia. Kampuni ilivuka mpaka kwa siri, na ilipokuwa inaondoka ikazing'oa hata nguzo za makaa zilizoshikilia dari. Wachimbaji wenyewe hawakujua. Mtu aliye chini hajui yuko chini ya nani.

Nikaitia katika jiko la shule. Iliungua upesi mno.

Kiwanda kilikuja. Kikakaa miaka kumi na minne.

Alhamisi, 6 Oktoba

Darlene ana ufa ukutani, chumba cha watoto. Jana uliingia kidole. Leo unaingia kiganja — amenionyesha kwa mkono wake, hivi. Na mbwa hataki kushuka kwenye ghala la chini ya nyumba.

Nikamwambia. Yote! Ramani, jiko, nguzo.

Akachukua chupa ya dawa, akaitikisa. "Mwalimu, umemeza vidonge vya asubuhi?"

"Nimemeza."

"Vyote? Au umemeza vya kesho pia?"

"Darlene, mwanangu, watoe watoto mle ndani."

"Mle ndani uliishi wewe! Wewe ndiye uliyemuuzia baba. Ungemlaza mkeo juu ya shimo? Wewe, uliyekuwa unavaa koti la mvua kukiwa na mawingu?"

Akacheka hadi akakaa. Nilimlaza; mwalimu akihamia, mji wote ungeamini. Akanipasha supu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Lenny amepiga simu. Amesikia nataka kuuhamisha mji. Tuuhamishie wapi, Mwalimu, Florida? Nikamwomba alete mtu wa kupima ardhi. Akauliza ushahidi uko wapi. Majivu, nikasema. Akaongea nami polepole, kama na mtoto.

Sikula. Kila lori likipita barabarani nashika kitanda.

Jumamosi, 8 Oktoba

Saa nne asubuhi. Darlene amepiga, leo si zamu yake. Bomba la maji limekatika chini ya nyumba. Limekatika katikati, fundi wa jirani anasema, kama mkate uliovunjwa. Watoto wako jikoni wanakula chapati za maji na asali ya utomvu wa mti.

"Watoe," nikasema. "Sasa hivi. Waende kanisani, waende popote."

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini baba alikuwa mchimbaji, mwana wa mchimbaji. Siku alipokuja kununua alifanya kama wanavyofanya wote hapa, aliweka gololi kwenye sakafu ya jikoni; ikibingirika, ardhi inazama. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka sita. Tuliitazama mpaka mama akachoka. Haikusogea hata unywele! Hapa ndipo mahali salama kuliko pote mjini, baba alisema. Ngoja, chapati inaungua. Nitakupigia."

Amekata.

Akipiga tena maneno yatanitoroka, najijua. Nitalala nimemwambia pole tu. Kwa hiyo naandika nitakayomsomea, herufi kubwa, miwani isinisumbue. Nikimwambia hatarudi tena kunihudumia, na nitakufa mikononi mwa mgeni. Basi.

Inaita. Iite kidogo.

DARLENE. USIKATE. MWAKA 1974 GOLOLI YANGU ILITEMBEA KUTOKA MLANGONI HADI CHINI YA JIKO. NDIYO MAANA NILIUZA. WIKI MBILI KABLA BABA YAKO HAJAJA, NILIFUNGA MLANGO, NIKAINUA SAKAFU ILE KWA VIPANDE VYA MBAO, KIMOJA KIMOJA, MPAKA GOLOLI IKATULIA.