Antena ya Fundi Baridi na Waya wa Kuanikia Nguo

Mama Nyoosha mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana nimefika mahali ambapo siwezi kumuuliza mtu wa nyumbani wala wa kazini bila kuchekwa, na wewe angalau ukinicheka sitakuona. Mimi ni fundi wa friji, watu wananiita Fundi Baridi, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, na mke wangu ni dobi, uwanja wote ni wake, shuka za hoteli na mablanketi ya watu yanaanikwa humo kuanzia asubuhi. Nina leseni ya redio, si ya kutangaza, ni ile ya watu wanaopenda tu kuzungumza na wenzao wa nchi za mbali, na aliyenitia ugonjwa huu ni baba mkwe, ambaye alikuwa mtu wa redio melini hadi alipostaafu, sasa anaishi ng'ambo kwa shemeji yangu, macho yamepungua nguvu, simu haipendi kabisa, anasema simu ni ya kupokelea habari za misiba, lakini redio yake anaijua kwa kupapasa. Kila Jumamosi mchana, jua likiwa kali na bendi za juu, yaani yale masafa yanayofika mbali mchana, zimefunguka, tulikuwa tunaongea naye, na mke wangu alikuwa anakuja na mapovu mikononi kumsalimia baba yake, anacheka, anasahau hata pasi aliyoiacha mezani.

Sasa Mama, antena niliyokuwa natumia niliiunda mwenyewe kwa mabomba ya alumini, fimbo moja ya kusimama wima, kwa sababu uwanja hauna nafasi ya antena ya kulala, na ya kusimama ya aina hii inatakiwa itandaziwe nyaya chini yake, hilo nalijua, nimefundishwa, lakini mke wangu alishasema nikichimba uwanja wake nitafute pa kulala, basi nikafanya la haraka, kwa muda tu, nikachukua kibanio cha chuma nikaunganisha ule upande wa ardhi wa waya wa redio, ambao ndio ungeungwa na nyaya za chini, na waya wake wa kuanikia, waya wa chuma, mrefu, mzuri, na sikumwambia. Ikafanya kazi. Baba mkwe akasema nasikika kama niko chumba cha pili. Ila mke wangu akaanza kulalamika, "Mbona waya huu unaniuma Jumamosi tu?" nami nikamjibu ni baridi ya maji, akakubali, maana mambo ya baridi ndiyo kazi yangu. Baadaye waya ukaanza kutia kutu kwenye shuka za hoteli, akaung'oa akafunga kamba ya nailoni, na kile kibanio sijakiona tena, nadhani kilidondokea kwenye nyasi.

Tangu hapo redio ni kama imekufa, naita sijibiwi, na mzee namsikia kwa mbali kama mtu aliyejifunika blanketi. Nimeona kumbe fimbo yangu haifai, nikaenda dukani, muuzaji kanionyesha antena mbili za kusimama, moja fupi ya kutandaziwa nyaya, nyingine ndefu yenye kijisanduku chini, hiyo anasema haihitaji nyaya kabisa, na mimi nimepima uwanja huku na huku mpaka mke wangu akaniuliza kama nauuza. Juzi shemeji kapiga simu, anasema mzee kila Jumamosi anakaa mbele ya redio anatuita mpaka sauti inamkauka, na ameanza kusema labda tumemchoka. Mke wangu alilia jikoni. Mimi nilitoka nikaenda kujifanya natengeneza friji. Nichukue antena ipi? Na je, habari ya ule waya nimwambie mke wangu, au niache tu?

Wako,
Fundi Baridi

* * *

Fundi Baridi, marahaba. Nimekucheka, na ni kweli hukuniona.

Umemwandikia mtu anayekujua kuliko unavyodhani. Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Nimeshikilia ngazi huku nikiambiwa "kidogo tu, kidogo tu" mpaka miguu ikafa ganzi, na nimehadithiwa habari za mawimbi chakula kikipoa mezani. Sikuomba elimu hiyo, lakini iliniingia, na leo utaipata bure.

Fimbo yako haina kosa lolote. Antena ya namna hiyo ni vitu viwili: fimbo inayosimama, na nyaya zinazotandazwa miguuni pake. Kimoja bila kingine hakifanyi kazi ya maana. Wewe nusu ya pili ulikuwa unaazima kwa mke wako. Siku alipong'oa waya wake, ulibaki na nusu antena, ukatoka mbio kwenda dukani kuulizia ile nusu ambayo tayari unayo. Ulipoambiwa unasikika kama uko chumba cha pili, ulijipongeza, sivyo? Kumbe mwenzako alikuwa amebeba shuka za hoteli na sauti yako kwa pamoja, na shukrani aliyopata ni kuunguzwa vidole. Halafu ukasingizia baridi. Wewe, fundi mzima.

Ile ndefu ya kijisanduku si ulaghai. Inamfaa mtu asiye na mahali pa kutandaza waya hata mmoja, bora aisimamishe juu na mbali na vitu. Ile fupi ni dada wa hiyo uliyonayo. Usinunue yoyote. Una karakana, na sijasikia karakana ya friji isiyo na paa la bati. Bati hilo ndilo nyaya zako zote, tena kwa bendi hizo za juu, ambazo fimbo yake ni fupi, linatosha na kubaki. Isimamishe fimbo katikati ya paa, chini yake weka kitu kisichopitisha umeme ili isiguse bati, kisha ule upande wa ardhi ufunge kwenye bati kwa bolti. Kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae. Unganisha bati moja na jingine kwa vipande vya waya, maana rangi katikati yake inaweza kuyatenga. Halafu pima upya urefu wa fimbo, usiseme ulishapima. Ulipima ikiwa imeungwa na waya wa nguo. Ukiwa unaongea, pasiwe na mtu juu ya paa. Na wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa antena kwenye redio.

Sasa swali lako la pili, ambalo ulipaswa kuliandika la kwanza.

Unasema kibanio kilidondokea kwenye nyasi. Mwanangu, nani aling'oa ule waya? Dobi. Mtu ambaye kutwa anapekua mifuko ya watu, anayeona kifungo kilicholegea kabla mwenye shati hajajua. Huyo ndiye ashindwe kuona kibanio chenye waya unaoelekea dirisha la mumewe? Anajua. Kama hakujua siku ile, alijua redio yako iliponyamaza wiki hiyo hiyo.

Na hapa sicheki tena. Umeniambia alilia jikoni, nawe ukaenda kujificha nyuma ya friji. Je, umewahi kufikiri analia nini? Baba yake anaita hajibiwi, mzee asiyeona vizuri, anadhani ametupwa. Na huyu mwanamke huenda anaamini kwamba aliyemkatia mzee mawasiliano ni yeye, kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu ya doa la kutu kwenye shuka za watu. Amuulize nani? Mtu pekee anayeweza kumwambia hapana amejifungia karakanani na futi ya kupimia. Mimi hilo limeniuma kuliko huo waya wako.

Kwa hiyo mwambie leo, kabla hujapanda paani. Usianze na mawimbi, usianze na "unajua, kitaalamu." Sema: "Ni mimi niliyekuunguza, na ni mimi niliyemnyamazisha baba. Wewe hukufanya kosa." Kisha funga mdomo, akusemee yote aliyonayo. Akimaliza, mpigieni shemeji, amshikie mzee simu sikioni apende asipende, aambiwe hamjamchoka, antena ndiyo ilikuwa nusu.

Jumamosi, fungua mawasiliano wewe kama leseni yako inavyotaka, lakini baba mkwe akiitika usimuulize anakusikia vipi. Mpe mkeo kiti, wewe ukae pembeni kimya, hata wakiongea mpaka bendi ifunge. Mzee akishaaga, shuka za hoteli zitakuwa bado mbichi kwenye beseni, na siku hiyo wa kuzianika ni wewe.

Mama Nyoosha